Kesi ya Ngedere kwa Hakimu Nyani

Ukitaka kujua kama wanaoiuza biashara wanaionea haya, sikiliza wanavyoibadilisha jina. Kiswahili kina neno la zamani, kamari, ambalo mzee akilitamka mtoto anaelewa kwamba ameonywa. Lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 iliyoiwekea biashara hiyo utaratibu haikuitwa sheria ya kamari. Inaitwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na bodi inayoisimamia imebeba jina hilohilo. Ng'ambo ya bahari mambo ni yaleyale. Jimbo la Massachusetts lilipohalalisha kasino mwaka 2011, sheria yake ilizungumzia kupanua michezo. Na huko Texas, ambako mjadala bado unatokota, kampuni zinazobisha hodi hazisemi zinaleta kamari. Zinasema zinaleta hoteli za kitalii, kumbi za mikutano, migahawa na viwanja vya burudani, kisha mwisho wa orodha, kama kachumbari pembeni mwa sahani, inatajwa sehemu ya kuchezea. Sehemu hiyo ndiyo inayolipia vyote vilivyotajwa kabla yake, na ndiyo ninayotaka tuitazame bila kupepesa macho.

Katiba ya Texas inakataza kasino za kibiashara. Kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya kila chumba cha Bunge la jimbo, yaani wajumbe 100 kati ya 150 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 21 kati ya 31, halafu wananchi wapige kura. Mei 2023 hoja ya kasino ilipata kura 92 dhidi ya 51 katika Baraza, ikakwama kwa kukosa kura nane. Mwaka 2025 haikufika hata hatua ya kupigiwa kura ukumbini. Machi mwaka huohuo, katika mji wa Irving karibu na Dallas, kampuni ya Las Vegas Sands iliomba ardhi yake ipangiwe matumizi mapya yatakayoruhusu kasino siku sheria ikibadilika. Wakazi walifurika kupinga, na kipengele cha kamari kikaondolewa katika ombi hilo. Lakini asiyechoka kuomba hupewa. Familia ya Adelson, wenye hisa kubwa katika kampuni hiyo, ilinunua sehemu kubwa ya timu ya mpira wa kikapu ya Dallas Mavericks mwishoni mwa 2023, na washawishi wa kasino hurudi Austin, makao makuu ya jimbo, kila Bunge linapokaa. Tafiti za maoni ya wananchi zimekuwa zikionyesha kwamba Watexas wengi wanawaunga mkono. Kwa hiyo mimi ninayepinga hapa niko upande wa wachache, na ninalijua hilo.

Hoja ya walio wengi ni nyepesi kueleweka, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Watu wanacheza kamari tayari, wanasema. Kila mwisho wa wiki magari yenye namba za Texas yanavuka Mto Red kuingia Oklahoma, kwenye kasino ya WinStar pale Thackerville, mojawapo ya kasino kubwa kuliko zote duniani. Mengine yanatoka Houston kuelekea Lake Charles, Louisiana. Pesa za Texas zinajenga shule na barabara za jirani. Kwa nini tusijenge kasino zetu, tukaajiri watu wetu, tukatoza kodi yetu? Anayesikiliza haraka huona hii ni akili ya kawaida ya mwenye duka: mteja ni wangu, kwa nini anunue kwa mwenzangu? Tatizo ni kwamba serikali si duka, na kinachouzwa si unga wala sukari.

Sipingi kwa sababu kamari ni dhambi, ingawa Waislamu na Wakristo wengi wanaamini hivyo na imani yao naiheshimu. Wala sisemi kwamba mtu mzima hana haki ya kuitumia pesa yake apendavyo. Ninachosema ni kwamba kasino ya kisheria huifanya serikali kuwa mshirika katika hasara za raia wake, na mshirika hawezi tena kuwa mwamuzi. Tazama kodi yenyewe inatozwa wapi. Mkulima hutozwa kwenye mazao, mfanyabiashara kwenye faida, mfanyakazi kwenye mshahara, na kila mmoja wao amezalisha kitu kabla serikali haijanyoosha mkono. Kodi ya kasino hutozwa kwenye mapato ghafi ya mchezo, na mapato hayo ni jina la kihasibu la kiasi wachezaji walichoweka kutoa kiasi walichorudishiwa. Kwa lugha ya nyumbani, ni jumla ya walichopoteza. Massachusetts huchukua robo ya jumla hiyo kutoka kwa kasino zake kubwa. Serikali ikitaka kodi hiyo iongezeke bila kupandisha kiwango chake, hakuna njia ila hasara ya wananchi iongezeke. Na waziri yeyote wa fedha, mwema kiasi gani, hutaka kodi iongezeke.

Tusogee karibu zaidi, hadi kwenye mashine, kwa sababu mashine ndizo zinazojaza sakafu za kasino nyingi za Marekani na ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya mapato. Sheria ya New Jersey inataka mashine irudishe angalau asilimia 83 ya kinachowekwa. Tuwe wakarimu tuseme inarudisha asilimia 90. Mchezaji anabonyeza kitufe kila baada ya sekunde sita, kila mara dola 1. Hiyo ni mara 600 kwa saa, dola 600 zimepita mikononi mwake, na kwa wastani dola 60 zimebaki tumboni mwa mashine. Kima cha chini cha mshahara Texas ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa. Kwa hiyo saa moja ya kukaa kitini imemeza kazi ya siku nzima ya saa nane, na dola mbili zaidi. Hakuna aliyemwibia. Hesabu imefanya kazi yake kama ilivyopangwa kiwandani, na itaifanya tena kesho, kwa sababu bahati ni ya saa moja na hesabu ni ya mwaka mzima.

Na mashine haimwachi aione hasara hiyo. Mashine za kisasa humruhusu mtu aweke dau kwenye mistari mingi kwa mara moja. Ameweka senti 40, mstari mmoja umeshika, umemrudishia senti 15. Amepoteza senti 25, lakini taa zinawaka, muziki unapigwa, namba zinapanda kwenye kioo kama za mtu aliyeshinda. Watafiti wanaziita hasara zilizovishwa nguo za ushindi. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, aliyefanya utafiti miaka mingi Las Vegas, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2012 kwamba waliozama sana hawachezi tena ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza, wabaki ndani ya hali ambamo deni, ndoa na uchovu vimenyamaza. Kiti, mwanga, kasi ya kitufe, vyote vimesanifiwa kwa hali hiyo. Anayesema kasino ni burudani kama sinema ajibu hili: ni sinema gani iliyotengenezwa ili mtazamaji asijue imeanza saa ngapi wala itakwisha lini?

Sasa turudi mpakani. Hoja ya Oklahoma inadhani kwamba idadi ya wachezaji ni ile ile, na kinachobadilika ni upande gani wa mto wanapochezea. Ushahidi unasema vingine. Tume ya taifa iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza athari za kamari ilitoa ripoti yake mwaka 1999, na utafiti uliofanywa kwa ajili yake ulikuta kwamba kuwepo kwa kasino ndani ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kunaambatana na takribani maradufu ya watu waliotawaliwa na kamari. WinStar iko zaidi ya maili 50 kutoka katikati ya Dallas, na Lake Charles iko zaidi ya maili 100 kutoka Houston. Umbali huo, ambao wapenda kasino wanaulilia kama upotevu, ni ukuta. Mtu anayetaka kwenda ataendesha gari, ndiyo. Lakini anahitaji kuamua, kujaza mafuta, kuaga nyumbani, na kuwa na saa moja au zaidi ya kufikiri njiani. Mfanyakazi wa ghala anayetoka zamu saa nne usiku na mshahara mfukoni hana nafasi hiyo kama taa za kasino ziko kwenye njia yake ya kurudi nyumbani. Kuleta kasino Dallas na Houston kutawarudisha nyumbani wachezaji wa zamani, na papo hapo kutazaa wapya ambao mto uliwazuia. Anayetaja dola zinazovuka mpaka bila kuwataja watu hao amesoma nusu ya daftari.

Jimbo la kwanza kufuata njia hii baada ya Nevada lilikuwa New Jersey, na kisa chake kimekamilika vya kutosha kufundisha. Mwaka 1974 wapiga kura walikataa kasino. Mwaka 1976 walirudiwa na pendekezo lililopunguzwa makali: kasino zitakuwa Atlantic City peke yake, mji wa ufukweni uliochakaa, na kodi yake itawasaidia wazee na walemavu. Wakakubali. Kasino ya kwanza, Resorts, ilifunguliwa Mei 1978, na misururu ya watu ilifika barabarani. Mabasi yakaanza kuja kutoka New York na Philadelphia, yamejaa wastaafu. Aliyeshuka alipewa bunda la sarafu za robo dola kama zawadi ya kuanzia, akaingia, na jioni akarudishwa na basi lilelile. Tuiangalie picha hii kwa utulivu: kodi iliyoahidiwa kuwatunza wazee ilikuwa ikikusanywa, kwa sehemu isiyo ndogo, kutoka kwa wazee, na zile sarafu za zawadi zilikuwa chambo cha kuvulia pensheni.

Na mji wenyewe? Atlantic City ilikuwa na watu karibu 48,000 mwaka 1970, kabla ya kasino. Sensa ya 2020 ilikuta takribani 38,500. Katikati ya miaka hiyo mabilioni yalipita. Mwaka 2006 kasino za mji huo ziliingiza dola bilioni 5.2, kiwango ambacho miji mikubwa ingekionea wivu, huku mitaa michache nyuma ya hoteli hizo familia zikiishi katika umaskini na mji ukikosa duka kubwa la vyakula. Sababu haina fumbo. Kasino imejengwa ili mtu asitoke. Anakula ndani, analala ndani, anatazama muziki ndani. Mwenye mgahawa wa mtaani hapati mteja mpya kutoka kwenye jengo lisilo na madirisha, na anaweza kupoteza hata wa zamani. Wanaotuambia kasino itafufua mji wangetuonyesha mji ambao watu wake wa kawaida walifufuka, na huu uliopewa ukiritimba wa pwani nzima ya mashariki kwa miaka mingi ndio uliopaswa kuwa shahidi wao mkuu.

Ukiritimba ulipokwisha, hata mabilioni yakayeyuka. Pennsylvania ilihalalisha mashine za kamari mwaka 2004 na kuzifungua mwishoni mwa 2006, kwa hoja ileile tunayoisikia Texas leo: pesa zetu zinakwenda kwa jirani. Wateja wa Philadelphia wakabaki kwao. Kufikia 2014 mapato ya Atlantic City yalikuwa karibu nusu ya kilele chake, na mwaka huo mmoja kasino nne kati ya kumi na mbili zilifungwa, na watu takribani 8,000 wakapoteza kazi. Revel, jengo la dola bilioni 2.4 lililofunguliwa 2012, lilifunga milango Septemba 2014 na kuuzwa mwaka uliofuata kwa dola milioni 82. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ikachukua usimamizi wa mji uliokuwa ukielekea kufilisika. Na Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa New Jersey waliulizwa kama kasino ziruhusiwe pia kaskazini mwa jimbo. Zaidi ya robo tatu walisema hapana. Watu walioishi na kasino miaka karibu arobaini, waliosikia ahadi zote na kuona matokeo yote, ndio waliozikataa kwa wingi mkubwa. Texas isipotaka kumsikiliza mhubiri, imsikilize jirani aliyekwisha kula na kuumwa tumbo.

Wapo watakaosema Atlantic City iliponzwa na uongozi mbaya. Nakubali ulikuwepo. Lakini Tunica, katika jimbo la Mississippi, ilikuwa na kila sababu ya kufaulu. Ilikuwa miongoni mwa wilaya maskini kabisa Marekani, kasino zilipoanza mwaka 1992 zilileta ajira za kweli, na nisingependa kumnyima mtu aliyepata mshahara wa kwanza wa maisha yake. Wateja wake wengi walitoka Memphis. Kisha majirani wakafungua milango yao, Arkansas ikiwamo, na Harrah's, kubwa kuliko zote pale, ikafungwa 2014. Nyingine mbili zikafuata 2019. Massachusetts nayo ilikuja na sheria yenye masharti mengi, kura za miji husika na tume yenye meno. Hata hivyo MGM ya Springfield, iliyofunguliwa Agosti 2018, ilitabiriwa kuingiza zaidi ya dola milioni 400 katika mwaka wa kwanza, na haikufika milioni 300. Wakati inafunguliwa, Connecticut ilikuwa na kasino mbili kubwa za makabila ya wenyeji kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka uliofuata ikafunguliwa nyingine karibu na Boston. Ndivyo ilivyo kila mahali. Kila jimbo huhesabu wateja wa mwenzake na kusahau kwamba mwenzake anahesabu wateja wake. Las Vegas ilifaulu kwa sababu Nevada ilikuwa peke yake tangu 1931 hadi 1978, na hadi leo inapokea wageni takribani milioni 40 kwa mwaka wanaoacha pesa na kurudi na hasara makwao. Dallas haiwezi kuwa hivyo. Hasara ya Dallas italala Dallas.

Inalala kwa nani? Tume ya Tija ya Australia, nchi yenye uzoefu mrefu wa mashine hizi, ilikadiria mwaka 2010 kwamba takribani asilimia 40 ya pesa zinazotumiwa kwenye mashine zinatoka kwa watu walioathirika vibaya na kamari, kundi ambalo ni sehemu ndogo sana ya watu wazima wote. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba walio wengi hucheza kwa kiasi na kwenda zao, ni kweli, lakini si wao peke yao wanaoilisha biashara hii. Sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwa wachache wasioweza kuondoka. Na wachache hao hawaanguki peke yao. Mchuma janga hula na wa kwao. Ada ya mtoto haikulipwa, kodi ya nyumba imechelewa, mke anaficha kadi ya benki, ndugu wanachanga mara ya kwanza na ya pili na ya tatu hawachangi tena. Gharama hizo hazionekani katika kitabu cha mapato ya kasino. Zinaonekana mahakamani, hospitalini na mezani kwa shangazi aliyemchukua mtoto.

Mtetezi wa kasino atajibu: ndiyo maana tunataka sheria. Tutaweka tume, tutaweka orodha ya wanaojizuia kuingia, tutatenga fedha za ushauri. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama, kwa sababu Texas yenyewe imekwisha kutuonyesha usimamizi wa mshirika unavyokuwa. Bahati nasibu ya jimbo ilianza 1992, na sehemu ya mapato yake hupelekwa kwenye elimu. Aprili 2023 kundi moja la wachezaji lilinunua karibu michanganyiko yote ya namba inayowezekana, kiasi cha milioni 25.8, ili kujihakikishia zawadi ya dola milioni 95. Lisingeweza bila mashine za kutolea tiketi, na mashine za ziada zilitolewa kwa wauzaji chini ya macho ya tume ileile iliyopaswa kulinda mchezo. Mama aliyenunua tiketi yake moja kituo cha mafuta siku ile hakujua anashindana na mtambo. Gavana aliagiza uchunguzi miaka miwili baadaye, na Bunge la 2025 likaivunja tume hiyo na kuhamishia kazi yake idara nyingine. Wabaya walikuwa nani, wachunguzi watasema. Ninachoona mimi ni kwamba chombo kilichopimwa kwa wingi wa tiketi kiliona tiketi zinanunuliwa kwa mamilioni na hakikushtuka. Wahenga walishauri usimpelekee nyani kesi ya ngedere. Hawakusema nyani ni mwovu. Walisema ni ndugu wa mshtakiwa.

Ukiongeza kasino juu ya bahati nasibu, ndugu huyo anakuwa mlezi. Shule zikishazoea fedha hizo, hakuna mbunge atakayethubutu kupunguza kasi ya mashine au kufunga milango usiku wa manane, maana kila hatua ya kumlinda mchezaji ni pengo kwenye bajeti. Badala yake mlango hupanuliwa. New Jersey iliahidi mji mmoja. Mwaka 2013 ikaruhusu kasino za mtandaoni, na kufikia 2024 simu na kompyuta zilikuwa zikiingiza zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Mchezaji hahitaji tena basi wala bunda la sarafu. Kasino iko chini ya mto wake wa kulalia. Walioipigia kura mwaka 1976 kwa sababu ingebaki Atlantic City hawakuidhinisha jambo hilo, lakini serikali iliyokwisha kuonja haikuona njia nyingine ya kuziba pengo.

Hoja ya uhuru naiheshimu zaidi kuliko ya ajira, kwa hiyo nitaijibu kwa unyoofu. Mtu mzima akiamua kucheza karata na rafiki zake sebuleni, mmoja akashinda na mwingine akapoteza, sioni haja ya polisi. Lakini kuruhusu ni jambo moja, na kudhamini ni jingine. Katika mpango wa kasino, serikali hugawa leseni chache kwa kampuni chache, huzilinda dhidi ya washindani, kisha hugawana nazo kinachopatikana. Huo si uhuru wa raia dhidi ya dola. Ni ubia wa dola na kampuni dhidi ya mfuko wa raia. Mpenda uhuru wa kweli angekuwa wa kwanza kuutilia shaka.

Na ile hoja kwamba kamari ya vichochoroni itaendelea hata hivyo? Ni kweli Texas ina vyumba vya mashine haramu nyuma ya maduka, na vinadhuru. Lakini chumba cha kichochoroni hakina tangazo kando ya barabara kuu, hakidhamini timu ya mpira, wala hakina mwanasiasa wa kukipigia debe. Kikiwa kidogo na chenye hofu, madhara yake ni madogo na yenye hofu. Kuhalalisha hakukiondoi, huweka jumba kubwa mbele yake na kumfundisha mtoto kwamba jambo lililofanywa kwa kificho sasa linafanywa kwa fahari. Kuhusu ajira, zitakuwepo, sibishi. Kila pesa inayotumika huajiri mtu. Lakini dola 60 zilizobaki kwenye mashine zingeajiri pia: kwa fundi magari, kwa msusi, kwa muuza viatu vya shule. Kazi za kasino zinaonekana kwa sababu ziko chini ya paa moja na kuna utepe wa kukata. Kazi zilizopotea zimetawanyika mitaani, moja hapa moja pale, na hakuna kiongozi anayekwenda kukata utepe wa duka lililofungwa.

Mjadala huu si wa mbali kwetu kama unavyoonekana. Dallas, Fort Worth na Houston kumejaa wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, wanaofanya kazi maghalani, hospitalini na nyuma ya usukani, na wenye uraia miongoni mwao wataulizwa swali hili siku ikifika. Na wanalijua tayari, kwa sababu nyumbani wamewaacha wadogo zao wakisubiri matokeo ya mechi za Uingereza, na Jumapili usiku wakitangaziana kwamba mkeka wa kubeti umechanika. Kenya ilionja pia sehemu ya pili ya somo, ile ya serikali kuwa mshirika. Mwaka 2019 serikali ilipogombana na kampuni za kubeti juu ya kodi na kusimamisha leseni, udhamini uliondolewa, na ligi kuu ya mpira pamoja na vilabu vyake vikongwe vikabaki mikono mitupu. Ubishi ulikuwa ni nani achukue sehemu gani ya kilichopotezwa na vijana. Vijana wenyewe hawakuwa na kiti mezani.

Siku swali litakapofika kwenye karatasi ya kura huko Texas, litaandikwa kwa maneno ya heshima: maendeleo, utalii, elimu, pengine nafuu ya kodi ya nyumba. Mpiga kura ana haki ya kulitafsiri kwa lugha ya nyumbani kabla hajatia alama. Aulize hivi: mtoto wa jirani yangu akipoteza mshahara wake wote usiku mmoja, je, nataka serikali yangu iamke asubuhi ikiwa imepata? Kwa sasa serikali ya Texas haipati kitu katika mshahara huo unaoachwa ng'ambo ya mto, na kwa hiyo bado inaweza kumwonya kijana yule kwa moyo mmoja. Hicho ndicho kitu kinachotakiwa kuuzwa, na hakuna dau la kasino linalotosha kukinunua.